Vibakuli Arobaini Bila Wenzao

Mama Gololi alirudi nyumbani Jumanne asubuhi, kikapu mkononi, akafungua mlango wa chumba chake cha kazi, na akadhani ameingia nyumba ya watu.

Chumba kilikuwa safi. Si usafi wa kufagia tu. Ni ule usafi wa nyumba inayongoja wakwe. Sakafu imepigwa deki, dirisha limefutwa hadi halionekani, na juu ya benchi, pale palipokaa gogo lake na mkebe wake na nyundo zake mbili, pametandikwa kitambaa cheupe. Juu ya kitambaa kuna kiboksi kilichopakwa rangi, kimeachama kifuniko kama mtu anayesubiri kulishwa. Ndani yake vyuma vya kung'aa vimelala, mkubwa kwa mdogo, kama watoto wa familia yenye adabu, na pembeni yao donge la mraba la chuma lenye vishimo kila upande.

Nyuma yake alisimama mumewe, mikono mgongoni, anatabasamu.

Mume huyu alikuwa karani wa barua kwa miaka thelathini na moja. Kazi yake ilikuwa kugonga muhuri, na mtaa mzima ulimwita Bwana Muhuri. Tangu astaafu, muhuri umebaki ofisini lakini mkono haujapata habari. Vikombe vya nyumbani amevipanga kwa rangi. Viatu amevipanga kwa umri. Wangekuwa na kuku, kila kuku angekuwa na namba. Mkewe alivumilia yote hayo kwa sababu mlango wa chumba cha kazi ulikuwa na ufunguo, na ufunguo alikaa nao yeye. Safari hii aliuacha msumarini. Siku tatu tu, kwenda kumuuguza dada yake mkubwa aliyetolewa mtoto wa jicho, na mwanamume akapata nafasi ya kumpangia maisha.

"Vitu vyangu viko wapi?" aliuliza.

"Si hivyo mbele yako."

"Nakuuliza vitu vyangu, baba watoto."

Bwana Muhuri akaeleza kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo. Zile takataka amezitoa. Vyuma, ukiacha nyundo na koleo alizoona bado zinafaa, amempelekea Mwenye Mzani, yule mnunuzi wa vyuma chakavu wa barabara ya nyuma, na kidogo alichopata amejazia kwa akiba yake mwenyewe, akamnunulia mkewe seti ya kisasa, ya dukani, yenye cheti cha dhamana. Cheti kilikuwa mfukoni. Akakitoa.

Mama Gololi akatua kikapu chini polepole. Wanaomjua wanajua kwamba akipiga kelele hakuna hatari; hatari ni pale anapotua kitu polepole.

Tuseme ukweli, kwa macho ya mpita njia vitu vile vilikuwa takataka kweli. Bolti nane ambazo vichwa vyake alivisugua kwa tupa jioni baada ya jioni hadi vikawa mviringo kama upara. Gololi za beringi kubwa na ndogo, kila moja imechomelewa kwenye kipande cha nondo ili ipate mpini, na hizo ndizo zilizompa jina. Kitasa cha mviringo cha kabati lililovunjika. Na gogo. Gogo lilikuwa kipande cha mti mgumu, mkavu, kimesimamishwa wima ili nyuzi zitazame juu, kwa sababu mti ukiulaza ukaupiga ubavuni unapasuka, lakini ukiupiga utosini unastahimili. Kwenye utosi huo alikuwa ametoboa vishimo kumi na viwili, si kwa mashine. Anaweka gololi kwenye mkaa hadi iwe nyekundu, anaishika kwa koleo, anaigandamiza kwenye mti huku moshi ukimtoa machozi, kisha anakwangua makaa na kulainisha kwa msasa aliouzungushia kidole. Kila kishimo alikijua kwa kidole gumba gizani. Havikumgharimu chochote ila miaka kumi na tisa.

Kwa gogo hilo na vichwa hivyo alitengeneza vibakuli. Unakata kisahani cha shaba ukubwa wa kifungo, unakiweka kwenye kishimo kipana, unakipiga kwa kichwa kikubwa, unakihamishia kwenye kishimo cha ndani zaidi, unakipiga kwa kichwa kidogo, hadi kisahani kinasahau kwamba kilikuwa bapa. Vibakuli viwili ukivikutanisha midomo ukavilehemu, unapata ushanga wa duara ulio mtupu ndani, mwepesi, na kama ni mkono wa Mama Gololi ndio uliofanya, ukucha haupati pa kukwama. Lakini midomo lazima ilingane. Ikipishana, huna ushanga, una makombo mawili.

Na hapo ndipo palipokuwa na moto. Kwenye rafu kulikuwa na chupa ya vibakuli arobaini vilivyokamilika, mali ya Mtunga Shanga, mwanamke wa mtaa wa pili ambaye hununua shanga zake tangu alipokuwa msichana wa kujifunza na leo ana wateja nchi za mbali. Wenzao arobaini walikuwa bado visahani. Ijumaa Mtunga Shanga anakuja, na tangu mwaka jana amekuwa akionyeshwa shanga za kiwandani, zinazofika kwa magunia, zote sawasawa. Alishasema, kwa upole, kwamba akikosa mara moja tu hatakuwa na la kufanya. Mama Gololi alimwelewa. Mwenye upole akisema hivyo, ameshasema.

Sasa vibakuli arobaini vilikuwa vimekaa kwenye chupa bila wenzao, na Bwana Muhuri alikuwa ameisugua chupa. Visahani navyo amevipanga minara minne ya kumi kumi, na sita vya ziada amevitenga pembeni kama wanafunzi waliochelewa.

Mama Gololi hakukikataa kiboksi bila kukijaribu. Hata adui husikilizwa. Alitoa kibakuli kimoja kwenye chupa, akajaribu kukivisha vile vichwa vya kung'aa kimoja kimoja. Kwenye cha sita kilicheza kama kofia ya baba kwa mtoto. Kwenye cha saba hakikuingia. Kibakuli chake kilikaa katikati ya cha sita na cha saba, mahali ambapo kiwanda hakikufikiria kwamba kuna mtu anaishi.

"Basi tumia cha sita," alisema mumewe. "Tofauti ni unywele."

"Unywele ukiukuta kwenye mchuzi unakula?"

Akalainisha kisahani kimoja kwa moto, akakizamisha majini, akakipiga kwenye donge la chuma kwa kichwa cha sita. Kikatoka na chunusi mgongoni, kwa kuwa vishimo vya ndani havikusuguliwa. Waliosugua walisugua panapoonekana dukani. Akakikutanisha na mwenzake wa kwenye chupa. Mdomo mmoja ukajitokeza nje kama wa mtoto aliyenyimwa. Akampa mumewe, akamwambia apitishe ukucha. Akapitisha. Ukucha ukakwama. Akasema mwanga wa chumba ni hafifu.

Mama Gololi alisema mengi hapo, na mengine si ya kuandikwa. Kwa ufupi alimuuliza kama yeye, mkewe, aliwahi kuingia ofisini kwake akachukua muhuri akampa mwenye duka la mkaa, kisha akamletea muhuri mzuri zaidi wenye jina la nchi nyingine. Alimuuliza nani alimlalamikia kuhusu gogo. Bwana Muhuri alijibu kwamba alitaka kumpunguzia kazi, kwamba ameona mgongo wake unamuuma, kwamba punda wa zawadi hakaguliwi meno. Maneno yalikuwa mengi mno kwa mtu mwenye nia safi, na mkewe alikaa naye miaka thelathini na saba. Alijua harufu ya barua iliyofunguliwa ikafungwa tena.

"Sema kingine," alimwambia.

Akakunja cheti cha dhamana mara mbili, akakikunjua.

"Wale wenzangu wa ofisini," alisema hatimaye. "Walipokuja wiki ile. Walikuona hapa dirishani umekaa chini, unagonga gogo kwa bolti. Mmoja akaniuliza, Muhuri, mkeo anatwanga nini, misumari? Wakacheka."

"Na wewe?"

Akakikunja cheti tena.

"Baba watoto. Na wewe ulifanya nini?"

"Nilicheka kidogo."

Kidogo. Mama Gololi alilitazama neno hilo kama mtu anavyotazama nyoka mdogo.

"Walicheka wakiwa wamekalia viti vya nani?" aliuliza.

Vile viti sita vya sebuleni vilinunuliwa kwa vibakuli, mwaka ule mshahara wa ofisi ulipokuwa unakuja kwa maneno tu. Bwana Muhuri alijua. Alitazama sakafu aliyoipiga deki.

"Vaa viatu," mkewe akasema. "Vile vizuri. Unavyopenda watu wakuone."

Mwenye Mzani alikuwa amekaa kwenye kiti cha gari kisicho na gari, katikati ya milima yake ya kutu. Aliposikia kilichomleta Mama Gololi alicheka hadi akashika mbavu, kisha akaona uso wa mama, akaziachia. Akaeleza kwamba lori lilikuja jana. Vilivyokuwa vizito vimeondoka, vilivyobaki viko kwenye lile rundo, atafute kwa raha zake. Ila, alisema kwa heshima, shida ni moja: shemeji alipovileta yeye hakujua kwamba ni vifaa. Alipovimwaga aliona bolti na gololi na kitasa. Hapa kila kitu ni bolti na gololi na kitasa.

Jambo hilo lilimuuma zaidi kwa sababu lilikuwa kweli. Vitu vyake vilitoka kwenye rundo kama hili, vimerudi kwenye rundo, na rundo halikushangaa. Aliinama akachambua. Kutu iliingia kwenye kucha, jua likampanda mgongoni. Alipata bolti moja, akaijua kwa upara wake. Akapata ya pili. Akapata kitasa. Bwana Muhuri kila mara alimletea kitu, akiuliza ni hiki, ni hiki, na kila mara kilikuwa bolti ya watu wengine. Gololi zenye mipini hakuna hata moja. Zilikuwa nzito, zimepanda lori.

Gololi ndiyo iliyokuwa kichwa cha mwisho, ile inayokipa kibakuli tumbo lake. Bila hiyo, bolti zote za dunia ni kazi bure.

Kando ya mzani kulikuwa na pipa. Ndani ya pipa kulikuwa na gololi tupu za beringi zilizovunjwa, kubwa na ndogo, zimelala kwenye mafuta meusi kama mayai ya mdudu asiyejulikana. Mama Gololi akalitazama pipa, akamtazama mumewe. Akafungua fundo la pindo la nguo yake, akatoa kibakuli kimoja kati ya vile arobaini, akakiweka kwenye kiganja cha Bwana Muhuri.

Akamwelekeza kama anavyoelekezwa mtu wa kutumwa. Achukue gololi moja, aitie humu ndani. Isipoingia aitupe huku. Ikiingia aitikise karibu na sikio. Ikicheza, aitupe kule. Ile itakayoingia ikanyamaza, ampe.

"Ziko ngapi humu?" Bwana Muhuri aliuliza.

Mwenye Mzani akasema tangu alinunue pipa hajapata mtu wa kumhesabia.

Basi karani akageuza ndoo, akaikalia, na suruali yake yenye mstari wa pasi. Akaanza. Mwanzoni alizishika kwa ncha za vidole viwili, kama barua iliyolowa. Baada ya hamsini alizishika kwa mkono mzima. Watu waliokuja kuuza mabati walisimama kumtazama. Mwenye Mzani, ambaye ulimi wake haukuwa na kifuniko, alisema, "Shemeji, kumbe kustaafu nako ni kazi." Kila baada ya muda Bwana Muhuri aliinua moja akasema hii imekaa. Mkewe aliichukua, akaitikisa mara moja sikioni, akamrudishia. Inacheza. Hii je? Inacheza. Hii haichezi hata kidogo. Neno kidogo lilimponza. Alirudishiwa na gololi na jicho.

Kivuli cha mzani kilikuwa kimeshahamia upande wa pili alipoinua nyingine, akaitikisa kwenye sikio lake mwenyewe, akaitikisa tena, na safari hii hakusema kitu. Alinyoosha mkono tu. Mama Gololi akasikiliza. Kimya. Akaipindua chini juu. Ikakaa kwenye kibakuli kama mbegu ndani ya tunda. Kwenye mafuta yale yale, karibu na ilipotoka, zilikuwapo tatu nyingine za beringi moja nayo.

Mtu angedhani hapo hasira ingepungua. Iliongezeka, kwa sababu Bwana Muhuri alisimama akajifuta mikono na uso wake ukawa wa mtu aliyeshinda kitu. Mkewe alimwacha ashinde. Mwenye Mzani akawasha mtambo wake wa kuchomelea, akaishikisha gololi kwenye kipande cha nondo, akakataa malipo. Alisema ameburudika vya kutosha.

Njiani kurudi ndipo Mama Gololi alipouliza habari ya gogo. Mwenye Mzani hanunui miti. Bwana Muhuri akaanza kutembea haraka, na mtu anayetembea haraka mbele ya mkewe ana jambo. Gogo, alikiri, amempa dobi.

Dobi walimkuta uani kwake na vyungu vyake vitatu vya maji ya kuchemshia mashuka ya nyumba za wageni. Alimpokea Mama Gololi kwa furaha na shukrani. Alisema kuni ile haijawahi kutokea. Ule mti uliwaka Jumapili nzima, hauzimi, hautoi moshi, mashuka yalitoka meupe peee. Kama mzee anayo nyingine kama ile, amkumbuke.

Mama Gololi alitazama majivu chini ya chungu. Vishimo kumi na viwili. Hakumtukana dobi, dobi hana kosa. Aliaga kwa adabu, akarudi nyumbani kutafuta mti mwingine.

Mbao ya sokoni haikufaa. Mti mbichi ukiuchoma kwa gololi unalia maji na kesho yake una ufa. Alihitaji mti mgumu, wa zamani, uliokauka ndani ya nyumba. Akazunguka. Akagonga mwiko wa ukutani, mwembamba. Akagonga fremu ya mlango, nyumba ingeanguka. Akaingia sebuleni akasimama.

Kwenye kona palikuwa na meza ya kuandikia ambayo ofisi ilimpa Bwana Muhuri siku ya kumuaga. Meza ya mti mweusi uliozeeka, iliyotoka kwa mkuu aliyestaafu kabla yake, ina droo mbili, na miguu minne, kila mguu unene wa paja la mtoto mnene. Hakuna aliyewahi kuiandikia kitu. Ilikuwa ya kufutwa vumbi.

Bwana Muhuri aliona macho ya mkewe yametua wapi.

"Hiyo hapana," alisema.

"Mimi nani aliniuliza?"

"Hiyo ni heshima yangu. Miaka thelathini na moja, mama watoto."

"Na ile uliyompa dobi ilikuwa nini yangu?"

Alikwenda kuchukua msumeno. Mumewe aliongea muda wote: habari za mkuu aliyeikalia, habari za hotuba iliyosomwa siku ile, habari za wageni watakaokuja wakaiona. Kwa hilo la wageni alijiuma ulimi, lakini limeshatoka. Mama Gololi aliipindua meza ubavuni peke yake, na huyu ni mwanamke ambaye mgongo wake ulisemekana unauma. Akaweka msumeno kwenye mguu wa nyuma, kwa juu, penye unene. Akakata. Meza ikayumba, msumeno ukakwama. Akauchomoa, akarudia. Ukakwama tena.

"Shika," alisema bila kuinua uso.

Bwana Muhuri alisimama pale. Alitazama dirishani kama kuna mtu wa kumwokoa. Kisha akapiga goti kwenye zulia, akaikumbatia meza yake kwa mikono miwili, akafumba macho, na ikatulia.

Jumatano nzima ilikwenda kwa vishimo. Vitatu tu, vinatosha kwa ukubwa mmoja: kipana, cha kati, na cha mwisho. Mti wa heshima ulitoa moshi wenye harufu ya ofisi. Kishimo cha mwisho alikipima kwa kibakuli kilichokamilika, mgongo chini, akikwangua hadi kikae bila kuyumba, kwa maana kishimo lazima kiwe kikubwa kuliko gololi kwa unene wa shaba, si zaidi. Waliouchonga ule mguu hawakujua kwamba siku moja utajua siri hiyo.

Alhamisi asubuhi akaanza kupiga, na hapo akafanya kosa ambalo angemcheka mwanafunzi yeyote kwa kulifanya. Alipiga kwa hasira. Shaba ukiitoa motoni ukaizamisha majini inakuwa laini kama ngozi, lakini kila pigo linairudishia ugumu, na pigo zito linairudishia ugumu mara moja. Inatakiwa upige taratibu, uirudishe motoni, upige tena. Yeye alikuwa na uso wa Bwana Muhuri mbele ya macho yake. Kisahani cha kwanza kilipasuka mdomo kabla ya kishimo cha pili. Akachukua kingine, kikapasuka. Cha tatu kikapasuka. Vya ziada vilikuwa sita, kimoja kimeshaharibiwa na kichwa cha dukani. Alipopasua cha nne aliketi, akakitazama kile kimoja kilichobaki cha kukosea. Karatasi ya shaba ya unene ule haikuwapo mjini hadi wiki ijayo. Akipasua viwili zaidi, Mtunga Shanga atafika akute shanga thelathini na tisa, na mteja wa Mtunga Shanga hataki thelathini na tisa.

Hasira haikutoka kwa kuambiwa itoke. Alijaribu. Alikunywa maji. Ilikuwa imekaa mkononi, kuanzia kiwiko.

Mwishowe akamwita mumewe, akamkalisha mbele ya jiko la mkaa, akampa koleo. Kazi yake iwe hiyo: kisahani kiive hadi kiwe na rangi ya ndani ya kinywa cha paka, si zaidi, kisha majini, kisha ampe, na kila kikirudi kutoka kwenye kishimo, tena motoni. Mara tatu kila kimoja. Asizidishe, asipunguze. Na asiseme.

Yeye akashika nyundo ndogo. Na kwa kuwa hasira haikutaka kutoka, akaikata vipande. Kila pigo jepesi alilipa kosa moja la Bwana Muhuri, kimoyomoyo, midomo ikicheza. Tap, lile la viatu kupangwa kwa umri. Tap, la mwaka ule alipomsahau stendi na mtoto mgongoni. Tap, la kumwambia mama yake kwamba mchuzi aliopika mkewe ni wa jirani. Alipofika kwenye kicheko kidogo alikiruka, akakiweka akiba, kwa sababu pigo la kile lingetoboa mguu wa meza hadi sakafuni. Makosa ya miaka thelathini na saba yalikuwa mengi, na mengine madogo, yenye uzito uleule inaoutaka shaba. Kisahani kikazama, kikaitikia, kikawa kibakuli. Akakisugua mdomo kwenye msasa uliotandikwa juu ya kioo. Akakikutanisha na mwenzake kutoka kwenye chupa. Akapitisha ukucha.

Ukucha ulipita.

Hakumwonyesha mumewe. Alinyoosha mkono kupokea kingine, na kingine kilikuwapo tayari, kimeiva sawasawa. Alichukia kukiri kwamba mwanamume yule, kwa kazi ya kurudia kitu kimoja mara mia bila kuchoka, hakuwa na mfano. Kile kimoja cha ziada kilibaki kizima.

Kulehemu kulikwisha Ijumaa asubuhi, na Mtunga Shanga alifika saa nne. Alikaa kwenye kimoja cha vile viti sita, akamwaga shanga kwenye kitambaa mapajani, arobaini. Akazizungusha moja moja kwa kidole gumba, akitafuta mahali zilipounganishwa. Alikaa muda mrefu. Kutoka kwenye begi lake alitoa ushanga wa kiwandani, akauweka kando ya mmoja wa hizi, akazitazama, akaurudisha begini. Kisha akalalamika kwamba rangi ya lehemu safari hii imezidi weupe kidogo. Mama Gololi akasema ni mwanga wa chumba.

Mtunga Shanga akacheka, akafunga shanga zake. Aliitazama meza kwenye kona, iliyokaa kwa miguu mitatu na rundo la matofali, akafungua mdomo, akaona uso wa mwenyeji wake, akaufunga. Mlangoni ndipo alipogeuka. Alisema kuna mteja anataka mkufu wa shanga kubwa zaidi ya hizi, ukubwa wa zabibu, sitini. Zitawezekana? Kiwandani wanazo, ila mteja hazipendi.

"Zitawezekana," alisema Mama Gololi. "Nipe wiki mbili."

Alipokwisha kwenda, Bwana Muhuri alikohoa. Alisema anamjua seremala mmoja, mtu mwaminifu, anaweza kuuiga ule mguu kwa mti wowote ukapakwa rangi, mtu asijue. Alikuwa anafikiria Jumatatu waipeleke.

Mama Gololi alikuwa ameushika mguu wa meza kwenye mapaja, anapapasa utosi wake kwa kidole gumba. Vishimo vitatu vilikuwa vimeumaliza. Hapakubaki nafasi ya kishimo cha ukubwa wa zabibu.

"Usihangaike na seremala kwanza," alisema. "Atakuja kufanya kazi mara mbili."

Bwana Muhuri alimtazama usoni, kutafuta kama ni utani. Alitafuta kila pembe. Mkewe hakuwa anacheka, na hakuwa amesamehe, na msumeno ulikuwa bado umeegemea ukuta pale pale.

Akaenda kwenye kona, akavuta droo ya juu, akaanza kutoa karatasi zake.